Kiraka na Nyumba Tatu

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo, mniazime masikio. Habari hii ilitokea Tukuyu, miaka ile ambayo mvua ilikuwa ikianza asubuhi kama mtu anayewahi kazini, na ina watu watatu ambao kila mmoja alijaliwa kitu chake. Daktari Ambokile, daktari wa mifugo aliyestaafu, alijaliwa mikono: ng'ombe aliyewashinda wengine, yeye akimpapasa tu anajua pa kuanzia. Atuganile, fundi cherehani wa pale sokoni, alijaliwa subira ya kufumua koti zima na kulishona upya bila kuguna. Gwamaka, dereva wa lori la majani ya chai, hakuwa na mikono hiyo wala subira hiyo. Yeye alijaliwa moyo usiorudi nyuma. Akishasema neno, limesemwa.

Wa nne ni Subilaga, na huyo ndiye aliyebebeshwa kazi ya kuamua.

Subilaga alikuwa akitunza mbwa wasio na wenyewe, kwenye vibanda vya mabanzi nyuma ya nyumba aliyoiacha baba yake. Watu wa mji walipaita Bweni. Wengine walisema hivyo kwa kumcheka, mama mtu mzima anayepika sufuria ya viazi kwa ajili ya mbwa, lakini wakiona mbwa amegongwa barabarani walimpeleka hukohuko Bweni. Siku hizi Subilaga anaishi Mbeya kwa binti yake, kwenye nyumba yenye vigae na geti la chuma, na anachokumbuka zaidi ni harufu: manyoya yaliyoloa, viazi vinavyochemka, moshi wa kuni mbichi. Anasema usingizi wa zile nyakati hajaupata tena, usingizi wa kusikia mbwa wakijigeuza kwenye nyasi kavu upande wa pili wa ukuta.

Mbwa wa habari yetu aliletwa akiwa ndani ya gunia. Watu walimkuta kando ya barabara ameanguka, povu linamtoka, miguu inapiga hewa, wakasema ni kichaa cha mbwa. Mawe yalikuwa yameshaokotwa Subilaga alipopita na kuomba wampe yeye. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya udongo, amebaki mifupa, na shingoni alifungwa waya zamani sana, akiwa mdogo pengine, kisha akakua nao. Waya ulikuwa umezama ndani ya nyama. Ukikaribisha mkono shingoni kwake, aliuma kabla hujajua kama amekuona.

Subilaga mwenyewe alikata tamaa siku hiyohiyo. Alimwita Daktari Ambokile aje na sindano ya mwisho.

Daktari alikuja na mkoba wake. Katika miaka yake yote ya kazi, mbwa wa wilaya nzima waliodhaniwa wana kichaa waliletwa kwake, naye aliwadunga, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi. Hakuwahi kufuga mbwa. Aliwahi kumwambia Subilaga kwamba asingeweza kumtazama mbwa machoni nyumbani, kisha aende kufanya vile kazini. Basi siku hiyo alichuchumaa mbele ya kile kibanda, goti lake bovu likilia, akaangalia kibandani mpaka yule mbwa akaanguka tena na kutapatapa, kisha akainuka akiwa na akili zake, anatafuta maji na kuyanywa. Daktari akafunga mkoba.

"Huyu tutamtenga tumwangalie, lakini sioni kichaa hapa," alisema. "Naona kifafa. Na mimi, Subilaga, nimechoka kuua."

Alikuja kila siku, mvua ikinyesha na isiponyesha, kwa mguu, na goti lile. Siku za kutengwa zilipopita na mbwa yu hai, alimlaza kwa dawa akautoa waya, kipande kwa kipande, kwa mikono yake ya kizee. Akatafuta vidonge vya kifafa, vilevile wanavyomeza watu, akapima na kupima tena mpaka akapata kiasi kinachomfaa. Asubuhi kimoja ndani ya kiazi, jioni kimoja ndani ya kiazi. Kidonda kikafunga. Kuanguka kukawa kwa nadra. Bila Ambokile, mbwa yule angezikwa wiki ileile.

Mwili ulipona, tabia haikupona. Watu waliokuja Bweni kutafuta mbwa walichagua watoto wa mbwa wenye masikio laini, yeye wakampita kwa mbali. Alimng'ata aliyemletea chakula, akamng'ata Subilaga mara nyingi kuliko anavyopenda kusema. Majirani wakalalamika. Mjumbe wa mtaa, mtu mpole, alikuja akakaa barazani, akanywa chai, akasema kwa masikitiko kwamba mbwa mwenye kifafa anayeuma watu na asiye na mwenyewe hawezi kukaa katikati ya nyumba zenye watoto. Apatikane mtu wa kumwandikisha kwa jina lake kuwa ni wake, la sivyo watamwita mtu wa bunduki.

Gwamaka alikuwepo. Alikuwa amepita kushusha magunia chakavu ya kutandikia vibandani, kama alivyokuwa akifanya kila akipata nafasi. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wako Dar es Salaam, na nyumba yake kubwa ilikuwa kimya hivi kwamba alipenda kuchelewa kurudi. Hakuuliza swali lolote. Alisema, "Mjumbe, andika jina langu. Huyu ni wangu." Na kwa kuwa wangu lazima awe na jina, akamwita Kiraka, kwa ajili ya ile sehemu ya shingo ambapo manyoya hayakuota tena.

Alimchukua nyumbani. Haikupita muda, Gwamaka akajisahau, akampapasa pasipopapaswa, na Kiraka akauchana mkono wake wa kulia. Alishonwa, akachomwa sindano zote za kichaa cha mbwa, akakaa bila kuendesha gari kwa majuma mengi. Kuhama kule pia kulimrudishia mbwa kifafa kwa nguvu. Watu wote walidhani wanajua Gwamaka atafanya nini: atamkana. Gwamaka akaonekana anapanda kilima cha Bweni, mkono mmoja umefungwa bendeji, mwingine umeshika kamba ya mbwa. Mjumbe alipomuuliza, alijibu kwamba mbwa bado ana mwenyewe, na mwenyewe hajabadilika. Amemleta bweni kusoma tu. Kwa Subilaga alisema maneno machache: "Nitarudi kumchukua."

Mjumbe akaliacha jina daftarini. Bila Gwamaka, bunduki ingekuja, na ile kazi yote ya Daktari ingeishia kwenye shimo.

Atuganile alikuja kwa ajili ya paa. Kibanda chake cha sokoni kilikuwa kinavuja mwaka ule, naye Subilaga akamwambia alete cherehani yake barazani, ashone huko mpaka kitengenezwe. Pale pakavu palipokuwa na mwanga wa kutosha palikuwa hatua chache tu kutoka kwa Kiraka. Atuganile hakumwita wala hakumtazama. Alishona sare za shule na magauni ya kwaya, akizungumza na kitambaa kama mafundi wengi wanavyofanya, "njoo huku, usikunjane, haya, vizuri," na mbwa akawa anasikiliza. Kwanza alisikilizia mwisho wa kibanda. Baadaye alisikilizia mlangoni. Subilaga akaanza kuacha mlango wazi. Siku moja cherehani ilinyamaza ghafla katikati ya mshono, Subilaga akachungulia kutoka jikoni akaona kwa nini: Kiraka alikuwa amelaza kidevu juu ya mguu wa Atuganile, mguu ule wa kukanyagia, na Atuganile hakutaka kuusogeza. Gauni la watu lilichelewa siku hiyo.

Ndipo alipotwaa kipande cha kitenge akashona ukanda laini. Aliuweka chini, mbwa aunuse. Siku nyingine akauweka mgongoni mwa mbwa. Ukapanda taratibu kuelekea shingoni, ukirudishwa chini kila mbwa alipokunja pua, bila kukaripiwa, msimu mzima wa mvua, na hata kibanda cha sokoni kilipopata bati jipya Atuganile alijifanya hajasikia. Asubuhi aliyofunga ule ukanda shingoni mwa Kiraka, na Kiraka akakaa tu akipiga miayo, Subilaga alirudi jikoni akakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Bila Atuganile, hakuna nyumba ambayo ingemweza mbwa yule.

Baada ya hapo zikaja Jumapili ambazo Subilaga anazitamani mpaka leo. Tarumbeta za kanisani zikinyamaza, wote watatu walipanda kilima, viatu vyao vya ibada vimejaa tope. Daktari alileta maziwa, Gwamaka maparachichi, Atuganile hakuleta kitu ila alimenya ndizi zote. Walikula, wakabishana juu ya mambo ya zamani, nani alifungua duka la kwanza, mto upi ulikuwa na samaki, huku Kiraka amelala katikati yao, mgongo kwa mmoja na miguu kwa mwingine. Kwa mjumbe alikuwa wa Gwamaka, pale barazani akawa wa wote. Subilaga alidhani itaendelea hivyo.

Haikuendelea. Kaka zake waliamua kujenga kwenye kile kiwanja cha baba yao, na haki walikuwa nayo. Binti yake akamwita Mbeya. Mjukuu alikuwa na pumu, mbwa asingeweza kuingia nyumba ile. Mmoja baada ya mwingine mbwa wa Bweni wakapata pa kwenda, mpaka akabaki Kiraka. Na Daktari aliwakumbusha wote jambo ambalo kila mmoja alikuwa ameliona: kila akihamishwa, kifafa hurudi kwa nguvu. Kumzungusha nyumba hadi nyumba ni kumuua polepole. Kuhama kulikobaki kuwe kwa mwisho.

Jumapili ya mwisho hawakubishana juu ya samaki. Walikubaliana, hata Gwamaka mwenye jina, kwamba Subilaga ndiye aamue. Daktari ndiye aliyeanza, akiangalia kikombe chake. Alisema anajua goti lake, anajua umri wake, na anajua mbwa anaweza kumzika. Lakini dawa mbwa atazipata kwake, na mbwa akianguka usiku wa manane yeye atakuwa karibu. "Nimewadunga wengi," alisema. "Nataka mmoja azeeke mbele ya macho yangu."

Gwamaka hakukanusha kwamba yuko kwenye lori kutwa, wala kwamba Kiraka akiachwa peke yake hulia. Alisema ataomba kazi ya kiwandani, ya zamu ya asubuhi tu. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, wenye kovu, bila kuutumia kama hoja, akachukua kipande cha ndizi. "Nilisema nitarudi kumchukua," alisema. "Nimerudi."

Atuganile aliendelea kukusanya maganda ya ndizi mpaka Subilaga akamtaja kwa jina. Anakaa chumba cha kupanga. Mwenye nyumba amekubali mbwa, lakini mwenye nyumba anaweza kubadilika, na hilo ni kuhama kwingine. Yote hayo aliyasema mwenyewe, wala hakungoja asemewe. Halafu akasema, "Sikuomba mapema kwa sababu sikujua kama na mimi naruhusiwa kutaka."

Subilaga alipendekeza wamwache mbwa achague. Gwamaka akatikisa kichwa, akasema taratibu kwamba mbwa atamwendea Atuganile, kila mtu anajua, kwa hiyo kumwachia mbwa ni kuamua tayari. Daktari naye akasema mbwa hajui nani alimtoa waya, kwa sababu alikuwa usingizini. Wala hawakuyasema kwa hasira. Kama wangegombana, anasema Subilaga, angeona rahisi. Angempa yule aliyepiga kelele kidogo. Walikuwa wakisogezeana sahani.

Hakulala vizuri wiki ile. Alijiuliza kama mbwa ni tuzo, apewe aliyetoa zaidi, au kama nyumba ndiyo inayotafutwa, na sifa za jana hazina nafasi. Akipima kwa jana, mizani ilisimama sawa. Akipima kwa kesho, kila nyumba ilikuwa na ufa wake. Akipima kwa uhitaji, alimwona mzee aliyechoka kuua, mjane anayechelewa kurudi kwake, na mwanamke ambaye hakuna kilichowahi kumngoja mlangoni.

Siku ya kuondoka gari la binti yake liliegeshwa nje mapema. Vibanda vilikuwa vitupu. Watatu walikuja pamoja, wakasimama uani kwenye manyunyu, na Subilaga akamtoa Kiraka. Alitembea naye polepole kuliko ilivyohitajika. Akaweka kamba mkononi mwa mmoja wao. Wale wengine wawili walishusha pumzi, wakamshika Kiraka kichwa kwa zamu, kisha wakamsaidia Subilaga kupakia masufuria.

Kiraka alianguka sana mwezi wa kwanza, kisha akatulia. Aliishi miaka mingi, akaota mvi mdomoni, akafa usingizini, hakuwahi kuhama tena. Wale wawili walimtembelea kila Jumapili, kisha Jumapili moja moja, kisha kwenye sikukuu, kama ilivyo kwa watu. Ukimuuliza Subilaga alimpa nani, anatazama pembeni, anasema, "Mmoja alinishukuru na wawili walinisamehe. Mimi bado napima."

Haya, nimemaliza yangu. Mmoja alimwokoa na kifo, mmoja alimwita wangu wakati hakuna mwingine aliyemtaka, mmoja alimfanya aweze kuishi na watu. Sasa wewe ndiye uliyesimama pale uani, mvua inaanza kushika, watu watatu wema wanakutazama. Kamba hiyo utaitia mkononi mwa nani? Na ukishaitia, wale wawili utawaambia nini?