Aliyeandika Bei ya Geti

Mpe mtu kisu awagawie watu nyama, halafu angalia mkono wake. Hata awe mpole kama maji ya mtungini, kipande kinono kitaangukia upande wake, na ataapa kwamba nyama yenyewe ndiyo iliyoteleza. Usiseme wewe huwezi. Hata Breki alisema hivyo.

Breki alikuwa msukuma mkokoteni. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mkokoteni hauna breki, na yeye kwenye mteremko wa kwenda dampo aliusimamisha kwa visigino, ndala zake za tairi zikinuka moshi. Alizoa taka za vichochoroni, kule ambako lori likiingia halitoki. Wenye nyumba walimpa walichojaaliwa, naye akaenda kumwaga dampo la halmashauri bila kulipa chochote. Kwa siku nzuri alipiga tripu tatu. Tripu hizo ndizo zilizolipa chumba, zikawasomesha watoto wake wawili, zikampa na sabuni ya kujisugua mpaka harufu ikubali kutoka.

Jumatatu moja akakuta bango jipya getini. Kila chombo chenye magurudumu kitakachoingia dampo, elfu mbili. Kuanzia mwezi ujao. Mwenye pingamizi afike ukumbi wa halmashauri Jumatano, saa nne asubuhi.

Breki alilisoma mara mbili, damu ikamchemka. Elfu mbili ndiyo hela yote aliyoipata kwa tripu moja! Na nyuma yake lilikuwa limesimama lori la tani saba, linanguruma, limejaa mpaka linamwaga njiani. Nalo elfu mbili.

"Yaani tembo na sisimizi wanalipa nauli moja?" alimuuliza karani wa geti.

"Mimi nakata risiti tu, kaka. Kaulize waliokaa kwenye viti."

Akaenda kuwauliza. Jumatano wasukuma mikokoteni kumi na wanane waliingia ukumbini, wakakaa nyuma, na watu wa mbele wakaanza kuziba pua. Meza ya kamati ilikuwa na kitambaa cheupe na chupa za maji. Pembeni ya mwenyekiti alikaa mtu ambaye kila mmoja alimjua, tajiri mwenye malori ya taka, ametulia kama bwana harusi.

Breki alisimama. "Mheshimiwa mwenyekiti, mkokoteni wangu una magurudumu mawili. Lori lina kumi. Tunalipaje sawa?"

"Sheria haihesabu magurudumu," mwenyekiti alijibu. "Inahesabu chombo. Bei hizi zimepangwa na wataalamu."

"Wataalamu gani? Watajwe."

Mwenyekiti akaanza kupekua karatasi kama kuku anayetafuta punje. Afisa afya, mama mmoja mnyoofu aliyekuwa amechoka kukaa kimya, akamsaidia. "Walikuwa watatu, mheshimiwa. Wewe, mweka hazina, na huyo hapo mwenye malori."

Ukumbi ulilipuka. Wengine walicheka, wengine walipiga meza.

"Kumbe!" Breki alipaza sauti. "Fisi ndiye kapanga bei ya mbuzi! Hamna aibu? Mmekaa hapa mnakunywa maji baridi, mnatunyonga sisi tunaosafisha mlango wenu! Na mngekuwa watu wa haki, mngetuuliza kwanza!"

Tajiri wa malori wala hakukasirika. Alitabasamu. Ila mwenyekiti aliona mambo yanaharibika, mwandishi wa habari yuko pale na kalamu yake, akaamua kujiokoa.

"Basi andika wewe. Lete bei zako Ijumaa. Sharti moja tu, dampo liingize laki moja kwa siku. Tingatinga la kusawazisha taka halinywi maji."

Breki alitoka amebebwa juu juu.

Kesho yake alikaa na wenzake wawili kwa fundi pancha, kwenye benchi, daftari la mtoto wake magotini. Lori waliliandikia elfu saba, na roho zao zikapoa. Pikapu elfu tatu. Mkokoteni mia mbili. Wakajumlisha. Laki haikufika. Wakajumlisha tena, haikufika.

"Tupandishe mkokoteni iwe mia tano," mmoja alisema.

"Wewe umetumwa na tajiri?" mwingine alimkata. "Tafuta kwingine. Wale wachambuzi je? Wanaookota chupa na vyuma. Sisi tunalipa kuingiza uchafu, wao wanatoka na mali bure."

"Kweli bwana! Gunia mia tatu."

"Mia tatu ni nini kwao?" Breki alisema, akaandika.

Hesabu ikakaa. Walishikana mikono. Na sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo mtu hupata hasira mpaka leo. Dada yake Breki, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa mchambuzi pale pale dampo mwaka wa kumi na mbili. Breki hakumsahau. Hakumkumbuka tu. Kichwani mwake dada alikuwa dada. Wachambuzi walikuwa watu wengine.

Kamati ilipitisha bei zile bila kubadilisha hata nukta.

Siku ya kwanza ya mwezi Breki alifika getini kifua mbele. Akalipa mia mbili yake, akachukua risiti, akaikunja vizuri kama cheti. Alipomaliza kumwaga ndipo aliposikia kelele upande wa kutokea. Wanawake walikuwa wamepanga mstari na magunia chini, karani anakata risiti, na mbele kabisa amesimama dada yake na magunia matatu ya chupa.

"Gunia mnunuzi ananipa mia sita," dada alikuwa anasema. "Wewe unataka mia tatu. Nani kapanga hii?"

Karani alimwangalia Breki, akainamisha macho.

"Dada," Breki alisema, "tulikuwa tunatafuta laki. Ilibidi hesabu ikae."

Dada aligeuka polepole. "Ni wewe?"

"Mngekuja kikaoni mngesema..."

"Saa nne asubuhi? Saa nne malori ya sokoni yanamwaga. Tukija kukaa kwenye viti, watoto wale nini? Halafu mimi unanijua kwa kikao? Umekula kwangu miaka tisa! Mkokoteni wako wa kwanza nilikununulia kwa chupa hizi hizi. Ulishindwa nini kuja kuniuliza?"

"Sisi hatuleti taka," mama mwingine alidakia. "Tunazipunguza! Sisi ndio tungelipwa. Mwenye akili gani anamtoza mtu anayemfagilia?"

Pikapu ikapunguza mwendo pembeni yao, kioo kikashuka. Alikuwa tajiri wa malori.

"Hongera, mheshimiwa," alisema, na safari hii alicheka kabisa. "Sasa umekuwa mwenzetu."

Kioo kikapanda, gari likaenda zake.

Dada aliburuta magunia mawili mpaka kwenye lundo, akayapindua, chupa za siku mbili zikaporomoka zikirudi kwenye uchafu. Akarudi na moja, maana mfukoni alikuwa na mia tatu tu. Akailipa. Wenzake walimtazama, kisha mmoja mmoja wakaanza nao kuburuta magunia kurudi kwenye lundo.

"Dada, acha! Nitarekebisha!" Breki alimkimbilia. "Nakwenda kwa mwenyekiti leo leo. Naandika upya, usiku huu naandika, nawaondoa nyinyi wote, naweka..."

"Unaandika wewe?" dada aliuliza.

"Mimi, ndiyo. Na wenzangu."

Wanawake waliacha kuburuta. Dada aliliinua gunia lake peke yake, akaliweka kichwani, akamgeukia mdogo wake.

"Wewe tena," alisema. "Hapana, mdogo wangu. Safari hii tunakaa wote. Maana mwamba ngoma, hata awe ndugu wa tumbo moja, ngozi huivutia kwake."