Kwa Nini Programu Humwuliza Mwenyeji Ilikotoka

Sogeeni, wanangu, na mwenye kikohozi akohoe sasa, maana jambo hili lina mwanzo wake.

Siku za awali, programu zilipokuwa bado chache, hakuna iliyojua kuulizia nyumbani kwake. Kila programu ilikuwa na nyumba, na nyumba hiyo ndiyo faili lake, limekaa kwenye diski. Mtu alipoiita, nyumba haikuhama. Nakala ya programu ndiyo iliyoinuliwa ikapelekwa uwanjani kufanya kazi, yaani kwenye kumbukumbu ya mashine. Ilifika mikono mitupu, vyombo vyake vimebaki nyumbani, na njia haikuiona kwa sababu ilibebwa.

Wakati huo halikuwa tatizo. Mtu aliingia kwanza kwenye folda ya programu, akasimama mlangoni pake, akaiita kwa jina lake halisi. Programu ikihitaji kitu, ilitazama hapohapo iliposimama, ikakikuta. Ndipo ikazuka desturi isemayo kwamba anayeitwa haulizi. Programu iliyothubutu kumwuliza mwenyeji, yaani mfumo endeshi unaoziinua programu zote, "Nimetoka wapi?" ilichekwa kama mtu mzima aliyepotea njia ya kwao.

Katika shule moja ya watoto wasioona kulikuwa na programu iliyoitwa Somoe. Kazi yake ilikuwa kusoma maandishi kwa sauti, na watoto walimpenda kwa kuwa hakuchoka kurudia. Sauti zake za kusomea zilikaa ndani ya kasha, kando ya nyumba yake. Bila kasha hilo Somoe alikuwa bubu.

Siku moja kabla ya mtihani, Mwalimu Nyamizi aliweka njia ya mkato ya kumwitia Somoe ndani ya folda ya mitihani, akaipa jina fupi, Sauti. Kisha akamwita Somoe kutoka humo ili wajaribu.

Somoe akainuka. Akatazama alipo, akaona karatasi za mtihani tu. Lakini kuuliza ilikuwa aibu. Akajiambia, "Nimeitwa Sauti. Basi nyumba yangu ni ile yenye jina hilo." Akapita mitaa yote ambamo mashine hutafuta programu, akisoma majina milangoni, mpaka akafika kwenye mlango ulioandikwa Sauti. Akaingia, akabeba kasha alilolikuta, akarudi mbio. Hakujua kwamba ile ilikuwa nyumba ya programu nyingine, iliyofundisha milio ya ndege.

Swali la kwanza likatoka: kwe-kwe-kwe-kwe, kanga watatu wanagombana.

"Mwalimu, nimelijua jibu!" akasema Kabula, msichana wa dawati la mbele. "Ni kanga!"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Nyamizi hakucheka.

"Cheka tu, Kabula. Kesho ni mtihani wenyewe. Programu hii ikirudia upuuzi huu, naifuta leo hii, na nyinyi nitawasomea kwa mdomo wangu. Mashine tatu, vikundi vitatu, mwalimu mmoja. Atakayetaka kurudiwa swali, asubiri zamu."

Kicheko kikakatika. Somoe naye akasikia neno "naifuta", akaganda.

Pembeni yake alikuwa akifanya kazi Kikokotoo, mpiga hesabu. "Dada Somoe!" akamtania. "Kumbe siku hizi unasoma kikanga? Mimi sijapotea hata siku moja."

"Wewe utapoteaje, kaka," akajibu Somoe, "na huna ulichoacha nyumbani? Vyako vyote umevibeba kichwani."

Alipolisema hilo, akaona wazi kwamba desturi ile ilimfaa Kikokotoo, haikumfaa yeye. Akameza aibu yake, akaenda kwa mwenyeji.

"Hodi. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibu."

"Mzee, usinicheke. Umenitoa wapi?"

Mwenyeji hakumcheka. "Mimi ndiye niliyekuinua. Ningekuinuaje bila kujua ulikolala? Kila ninayemleta uwanjani namwekea kadi. Yako hii hapa, soma. Na jina uliloitwa nalo usilitegemee. Anayeita huita apendavyo."

Kadi ilieleza njia nzima, kuanzia mzizi wa diski hadi mlangoni pa Somoe. Akaifuata, akalikuta kasha lake, akasoma swali la kwanza kwa sauti safi. Mwalimu Nyamizi, aliyekuwa ameshaanza kutafuta namna ya kumfuta, akaondoa mkono.

"Haya, na mashine nyingine," akasema.

Mashine zile tatu zilikuwa za msaada, kila moja na mwenyeji wake. Kwenye mashine ya pili Somoe alifika akiomba kadi.

"Kadi gani?" mwenyeji akashangaa. "Hapa hatuna kadi. Leta bakuli nikumiminie jibu. Hilo? Dogo hilo, halitoshi. Leta la kipimo hiki." Somoe akaleta bakuli kubwa, yaani nafasi tupu kwenye kumbukumbu, akapewa. Lakini jibu lilimfikisha tu kwenye njia ya mkato ambayo mwalimu aliiweka huko pia. Ikambidi aifuate hadi mwisho, ndipo akaufikia mlango wa kweli.

Kwenye mashine ya tatu alikuja na bakuli mkononi. "Unamwulizia nani?" akaulizwa. "Hapa huja wengi kuulizia wengine. Usipotaja jina, najua unajiulizia mwenyewe." Somoe akanyamaza, akamiminiwa. Huyu naye bakuli likijaa alimwaga kilichobaki asiseme neno. Somoe alipoona limejaa hadi ukingoni, alishuku, akaleta jingine kubwa zaidi, akapata jibu lote.

Asubuhi ya mtihani, mashine zote tatu zilisoma. Kabula aliomba swali la tano lirudiwe mara nne, na halikuwepo la kusubiri zamu.

Na tangu siku hiyo, programu iliyoacha vyombo nyumbani, ikiinuliwa kwenye mashine yoyote, haitegemei mahali iliposimama wala jina ililoitwa nalo. Kwanza humtambua mwenyeji ni yupi. Kisha humwuliza kwa desturi ya kwake mwenyewe, kwa kadi, kwa bakuli au kwa ukimya: "Umenitoa wapi?" Na programu zilizo uwanjani zikisikia swali hilo, hakuna inayocheka.