Panya wa Tuta la Mollo

Methali zote za Ufipa nazijua, hakuna ya kunishinda. Isipokuwa ile niliyoulizwa darasa la nne, nikachapwa. Ya leo ni hii: njia ya mwongo ni fupi. Uongo hauendi mbali kabla haujashikwa.

Mwaka wa vita vya Kagera, sabuni iliadimika kama maziwa ya kuku. Mtaa mzima wa Chanji ulifua kwa majani ya mpapai. Mzee Halfani, dereva, alipoondoka na lori lake kupeleka askari vitani, alimwachia bintiye Kulsumu kipande cha sabuni ya mche.

"Siku nikirudi, mwanangu, nivae kanzu nyeupe."

Kulsumu aliapa kutoigusa, hata kama yeye mwenyewe atanuka kama beberu. Kwao wafuaji walikuwa wengi, kwa hiyo akamwamini mtu mmoja tu: Bertilla, rafiki yake wa chanda na pete. Wakaifunga sabuni katika maganda ya mahindi, wakaifukia Mollo, kwenye shamba la mama yake Bertilla, ndani ya tuta moja la Kifipa, yale ya mviringo yanayofunika nyasi zioze.

Aprili habari ikafika: Mzee Halfani anaingia kesho. Kulsumu akajitwika beseni lenye kanzu, akampitia Bertilla, wakaenda shambani. Akafukua. Maganda yalikuwa matupu, yamekunjwa vizuri.

"Panya hao!" Bertilla akadakia. "Panya wa Mollo hula hata sabuni."

"Wakala, wakakunja maganda, wakafukia tena?"

"Si vita, mwenzangu? Hata panya wamepitia mgambo."

Kulsumu hakucheka. Alikazana kufukua tuta la pili, la tatu, kucha zikajaa udongo. Manyunyu yakaanza. Bertilla, aliyevalia gauni la kwaya ya shule, akajipangusa mabega. Povu likatoka. Akapangusa tena kwa haraka. Likazidi, likamtiririka hadi kiunoni. Mvivu wa kuchota maji hakuwa amelisuuza gauni.

"Bertilla, panya wamekupita mgongoni?"

"Hili... jasho."

"Basi simama hapo hapo utoke jasho!"

Kulsumu akaitoa kanzu ya baba yake, akaibandika kwenye mgongo wa rafiki yake, akaanza kusugua kwa nguvu zake zote, mvua ikimsaidia. Bertilla akainama kama jiwe la kufulia. Njia ya mwongo ni fupi: yake ilianzia kwenye tuta, ikaishia mgongoni.