Mkaja Mmoja, Viuno Vitatu

Hapo zamani, si zile za mababu bali zamani za juzijuzi tu, mvua ilikisusa kijiji cha Magandeni. Ilipita juu kwa juu, ikaenda kunyesha baharini ambako hakuna aliyeiomba. Mihogo ikakauka ardhini, na watu wakaanza kusalimiana kwa mkato ili wasimalize nguvu.

Mwaka huo Mashavu ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya mbele. Jina hilo alipewa kwa sababu alizaliwa na mashavu ya kufinywa na kila mpita njia. Njaa ilipoingia, mashavu yakaondoka, likabaki jina.

Baba yake alikwisha fariki. Mama yake, Bi Somoe, akatazama chungu, akamtazama mtoto, akafunga kibwebwe na kwenda kwenye mashamba ya chumvi, mbali huko pwani, kukwangua chumvi juani. Mtoto akamwacha kwa wifi yake, Bi Sikujua, dada wa marehemu.

"Nitarudi mvua ikinyesha, mwanangu," alimwambia.

Mvua ilinyesha, hakurudi. Ikanyesha tena mwaka uliofuata, hakurudi. Kilichorudi ni chakula. Kila aliyepita akitoka pwani alikuwa na kifurushi cha Mashavu: leo mtama, kesho dagaa, na safari moja viatu vya plastiki ambavyo havikupita hata kisiginoni, maana Bi Somoe bado alikuwa anamkumbuka mtoto wa ukubwa ule aliomwacha nao.

Shangazi Sikujua alikuwa mwanamke mkavu, hana mchezo. Mashavu akimwaga maji njiani na kuangua kilio, shangazi humwambia, "Ukimaliza kulia, kisima kiko palepale." Alimfundisha kuchimba ming'oko, ile mizizi ya porini inayoliwa wakati wa shida, akamwonyesha ipi ya kula na ipi ya kuikimbia, kisha akamtuma peke yake. Mtoto akirudi na kikapu kitupu, shangazi hakumgombeza wala hakumbembeleza. Alimrudisha porini. Mashavu alimwogopa shangazi yake kuliko nyoka, na nyoka porini walikuwepo.

Nyumba ya pili aliishi Bi Chausiku. Huyu alikuwa mnene wa kuzaliwa, hata njaa ilimjaribu ikakata tamaa, na hakujaliwa mtoto. Hakuwa na cha kumpa Mashavu. Kusema kweli, mara nyingi yeye ndiye aliyekuja kula ming'oko yake.

Basi miaka ikaenda, njaa ikalegea, Mashavu akavunja ungo. Hapo ndipo kitu kingine kikamwingia. Akageukia ukuta. Hasemi, hali, haogi. Kifurushi kikaja kutoka pwani, hakufungua. Shangazi akamwekea jembe mbele, likalala hapohapo. Bi Sikujua, ambaye hakuwahi kushindwa na kitu chochote chenye miguu miwili, akasimama mlangoni hajui la kufanya.

Bi Chausiku akaingia, akajinyoosha kwenye kitanda cha mtoto wa watu mpaka kikalia, akaanza kusimulia ugomvi wake na mbuzi wake. Hakumwambia inuka. Hakumwambia pole. Alisema mbuzi tu, kutwa nzima. Kesho yake akarudi, na safari hii akaja na mbuzi mwenyewe. Mbuzi akatazama huku na huku, akaanza kutafuna ukili wa mkeka.

Mashavu akacheka. Akicheka hivyo hivyo, kikamtoka kilio kilichokuwa kimefungiwa miaka. Bi Chausiku akalia naye, tena kwa sauti kubwa kuliko yeye, mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Jioni ile Mashavu alikula.

Akakua, akawa mwanamke wa kutazamwa. Siku moja upepo uling'oa paa la jiko lake. Kijana mmoja anaitwa Mfaume alipita akamkuta anaokota makuti huku anacheka peke yake. Mfaume hakufika alikokuwa anakwenda. Alirudi kwao kutafuta washenga.

Sasa, Magandeni wana desturi yao. Bwana harusi huleta mkaja, ile nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni akishajifungua. Siku ya harusi, bibi harusi humfunga mama yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya watu. Na hiyo si nguo tu. Anayefungwa mkaja ndiye atakayekabidhiwa mjukuu wa kwanza akishaachishwa ziwa, amlee yeye mpaka apate akili. Ukishafunga, umefunga. Mashavu alilijua hilo, na alijua jingine pia: mwaka huo mvua ilikuwa imesusa tena.

Kungwi wake, Bi Fatu, akapaza sauti, "Mama wa bibi harusi asimame!"

Wakasimama watatu: Bi Somoe, aliyerudi kutoka pwani kwa ajili ya harusi hiyo, Bi Sikujua na Bi Chausiku.

Shangazi wa bwana harusi, mama mmoja mwenye njaa aliyekuwa ananusa pilau tangu alipofika, akashika kiuno. "Jamani, sisi tumeleta mkaja mmoja. Hatukuambiwa kuna kikosi."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akashauri wafungwe wote kwa pamoja kama kuni. Wakajaribu, wallahi! Kiuno cha Bi Chausiku peke yake kikaimaliza nguo.

"Basi kila mmoja aseme lake," akaamua Bi Fatu. "Na aseme upesi, wali unapoa."

Bi Somoe akainua viganja vyake. Chumvi ilikuwa imevipasua, haviwezi tena kufumba sawasawa. "Mimi nilimbeba tumboni, na nilipoondoka niliendelea kumbeba. Mnasifu wanaomfundisha mtoto kusimama. Mtoto mwenye tumbo tupu atasimama na nini? Mnaniuliza kwa nini sikurudi. Ningerudi na nini, na mapenzi?"

"Alikungoja kila mvua," akasema Bi Sikujua polepole.

"Na mimi nilikuwa nangoja, wifi yangu."

Bi Sikujua akasogea mbele. Akaongea akitazama chini, jambo ambalo Mashavu hakuwahi kuliona. "Vifurushi vilikuja, sikatai. Kuna miezi havikuja. Miezi hiyo mtoto alikula alichochimba mwenyewe, na mimi nikala humohumo. Nilijua watu wananiita jiwe. Alipokwenda porini sikumfuata hata mara moja, maana ningemfuata mara moja angenitegemea daima. Nilikaa mlangoni mpaka nione kichwa chake kinatokeza. Halafu nilikimbilia ndani, asijue kama nilikuwa namngoja."

Mashavu akamtazama shangazi yake. Miaka yote ile aliukuta mlango wazi, hakujiuliza ni nani aliyeufungua.

Ikabaki zamu ya Bi Chausiku. "Mimi sikumzaa," alisema, "na sikumlisha. Wenyewe mnajua nani alikuwa anakula kwa nani. Lakini alipogeukia ukuta, chakula kilikuwepo. Nguvu za jembe zilikuwepo, shangazi yake alikwisha mpa. Kilichokosekana ni hamu ya kuamka. Hiyo nilimletea mimi na mbuzi wangu." Akajipiga tumboni. "Na tumbo hili, jamani, mnaliona lilivyo kubwa, lakini halijawahi kufungwa mkaja."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka.

"Ukimpa huyu mjukuu," Bi Sikujua akamwambia Mashavu, "watacheka pamoja mpaka wafe njaa wote wawili."

"Na akikupa wewe atakuwa askari kabla hajatambaa!" akajibu Bi Chausiku.

"Angalau nyinyi mlimwona akikua," akasema Bi Somoe. "Mimi bado namdai kipande hicho. Nipeni hata cha mtoto wake."



Mashavu akaikusanya nguo mikononi. Mama yake alimpenda kwa uchungu, shangazi yake kwa woga, Bi Chausiku kwa raha tupu, na hakujua ni yapi kati ya mapenzi hayo ndiyo yaliyomsimamisha. Akimwacha mama, atakuwa amemwacha mtu aliyekwisha achwa na miaka. Akimwacha shangazi, kijiji kitasema kweli alikuwa jiwe. Akimwacha Bi Chausiku, basi, Bi Chausiku atacheka, atapiga vigelegele kushinda wote, na Mashavu hakuwa na uhakika kama angeweza kukistahimili kicheko hicho.

Ngoma ikanyamaza. Wali ukapoa kweli. Mashavu akapiga hatua kuwaelekea, mkaja umefunuliwa.

Msinitazame mimi. Nilikuwa upande wa wanaume, mbele yangu kuna kilemba cha mtu, sikuona alikomalizia. Ninachojua ni kwamba mvua haijanyesha na mtoto yuko njiani. Kwa hiyo kabla hamjaanza kubishana, hebu kila mmoja wenu ajifanye ndiye mtoto huyo, anayekuja duniani mwaka kama huu. Je, ungetaka uukute mkaja kiunoni mwa nani?