Maji ya Mtungini

"Ng'ambo haina mjumbe, mwenye kiu mpe maji." Mmeyasikia maneno hayo leo msibani, wajukuu zangu, mkaniuliza yametoka wapi. Kaeni. Chanzo chake ni hiki.

Mzee Mhina wa Muheza hakuwa na ng'ombe, hakuwa na mke tena, hakuwa na meno ya mbele, wala hakuwa na dini. Ukimuuliza mtu akifa huenda wapi, alijibu, "Sijui. Nikifika nitajua," akaendelea kumenya chungwa lake.

Alipozidiwa na maradhi, wawili kati ya watoto wake walikuja kumuuguza. Hemedi alikuwa Mwislamu, akaja na chupa ya zamzam. Veronika alikuwa mke wa katekista, akaja na maji ya baraka. Kila mmoja aliogopa kwamba baba akienda nje ya dini yake, hatamwona tena milele. Wakashinda wakibishana kando ya kitanda.

"Akinywa hayo ya kwako mbele yangu, mimi si dada yako," alisema Veronika.

"Dada, mimi nataka kuonana na baba peponi."

"Na mimi nimekuja kuangalia migomba?"

Mzee alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Nikinywa ya huyu, yule atalia," alisema. "Nimechoka, wanangu. Ya mtungini yameisha?"

Walitazamana. Hemedi akafunua mtungi. Ulikuwa mkavu; katika mabishano yale hakuna aliyekumbuka kwenda kisimani tangu jana. Veronika akachukua ndoo akatoka mbio, na kisima kiko mbali, bondeni. Aliporudi, kanga imemlowa maji, Hemedi alikuwa amekwisha kumfumba baba yao macho.

Walimzika kimya, kwa desturi ya ukoo. Baadaye ikaja barua ya kaka yao mkubwa, Semkiwa, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Alitaka kujua jambo moja tu: baba ameondoka na dua ya nani?

Hemedi alishika kalamu, Veronika akasema maneno.

"Mwandikie hakuondoka na ya yeyote kati yetu. Ameondoka na kiu. Mwambie, aliyekufa harudi kutuambia aliko; ng'ambo haina mjumbe. Mwenye kiu mpe maji."

Hemedi aliandika vivyo hivyo, akaongeza salamu za watoto, akailamba bahasha na kuifunga. Asubuhi Veronika aliipeleka posta.