Tope la Kwembago

Sogeeni, na mwenye usingizi ajifinye, maana leo hukumu sina mimi.

Kwembago, kitongoji cha nyumba tatu kando ya msitu, aliishi Zaina, mfinyanzi. Vidole vyake vililijua tope kama ulimi unavyoijua chumvi. Jirani yake Hoza, mganga wa mitishamba, alijua kila ua la msitu ule. Wa tatu, mwalimu Kihiyo, aliona visivyoonekana, kwa msaada wa hadubini ya shule.

Ikaja barua ya ofisi ya misitu, yenye mihuri mitatu: msitu haujabadilika tangu dunia iumbwe, wakazi ni wavamizi, wahame kabla ya masika.

"Tangu dunia iumbwe!" Hoza akaguna. "Siku hiyo nani alitia sahihi?"

"Tope lilikuwepo," Zaina akasema. "Tuliulize."

Akaingia kinamasini, maji kifuani, akizamisha bomba na kulivuta. Kila tabaka alilitenga kwa kulipapasa, la juu lisichanganyike na la chini. Alitoka na homa ya wiki tatu.

Kihiyo alimaliza likizo nzima akichungulia vumbi la maua lililozikwa topeni. Chini kabisa, nyasi tupu, enzi za ukame. Juu yake, msitu mnene. Halafu makaa, nyasi tena, na chembe moja ngeni. Kisha msitu uliorudi.

Hiyo chembe ikamshinda. Hoza akamletea maua mia na kumi ayalinganishe, la mwisho amelichuma nyuma ya choo chake. Likafanana.

"Mbarika, mti wa nyonyo, mwalimu! Huo huota penye watu. Waliishi hapa, wakaondoka, msitu ukaota juu ya majivu yao."

Afisa wa misitu akasoma maelezo yao, akafuta miwani.

"Ofisi imeridhika. Kaya ya mgunduzi itabaki. Andikeni jina."

"Tuko watatu, bwana."

"Mstari, mama, ni mmoja."

Akamsogezea Zaina fomu. Udongo wa vyungu vyake uko Kwembago tu. Wazazi wa Hoza wamezikwa pale. Mke wa Kihiyo ana mimba ya miezi minane.

"Andika tu, dada," Hoza akasema, macho chini.

Zaina akaandika herufi ya kwanza, akaikata. Afisa akatazama saa.

Haya, wasikilizaji: kalamu ingekuwa mkononi mwenu, mngeandika jina la nani?