Pini Mdomoni mwa Injini

Mvunguni mwa kitanda ni mahali pa giza na vumbi, lakini mara nyingi kitu ulichokitafuta nyumba nzima ndiko kilikojificha. Hutakifikia kwa kusimama wima, hata Mungu akujalie mkono mrefu kama upondo. Ndiyo maana waliotutangulia walisema kwamba anayekihitaji kitu cha huko hana budi kushuka kwanza. Msichana mmoja hakuona neno hilo linamhusu nini, kwa sababu alichokitaka yeye hakikuwa mvunguni. Kilikuwa juu mawinguni.

Msichana huyo alisoma katika chuo cha ufundi wa ndege, na kwa urefu wake wenzake walimwita Twiga. Tangu akiwa mdogo, ndege ikipita juu ya nyumba yao aliacha chochote alichoshika, akaisindikiza kwa macho hadi ikawa nukta, na nukta ikayeyuka. Kwa muda baada ya hapo ukimwita hakusikia. Mwili ulikuwa uani, roho ilikuwa safarini.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, mjane aliyemlea kwa sindano na sala. Nyumbani kwake kulikuwa na sheria moja isiyo na huruma: pini ikianguka, hakuna kutembea mpaka ipatikane. "Kila mtu abaki papo hapo alipo!" alipaza sauti, kisha akapiga magoti na kuingia mvunguni na tochi. Hata mgeni aliyekuwa amekwisha kuinua mguu aliuacha hewani kama korongo. Twiga aliona aibu kwa jambo hilo. Alijiambia kwamba siku moja ataondoka katika nyumba ya watu wanaotambaa, aende kwa watu wanaoruka.

Kumbe chuoni nako alimkuta mwalimu aliyeitwa na wanafunzi Mwalimu Inama. Kila asubuhi kabla ya somo, aliwapanga bega kwa bega wavuke ua ulio mbele ya banda la injini, migongo imepinda, wakiokota kokoto, skrubu na vipande vya waya.

"Inameni, wanangu," alisema. "Injini haichagui. Ikivuta hewa, huvuta na kilichomo."

Twiga alivuka ua huo akiwa wima kama mlingoti, akitazama mawingu.

"Twiga, huko juu kuna kokoto?" alimtania Kibiriti, kijana mfupi mwenye maneno mengi.

"Kokoto nimewaachia ninyi, mlio jirani nazo."

Wote waliangua kicheko. Mwalimu alimtazama, akaguna.

Darasani, hata hivyo, Twiga hakuwa na mpinzani. Siku moja mwalimu alipuliza puto, akaliachia. Likazunguka chumba kizima likipiga mluzi, likaangukia kichwani kwa Kibiriti.

"Nini kimelisukuma?" aliuliza mwalimu.

"Hewa iliyotoka imeisukuma hewa ya nje, mwalimu," alijibu Kibiriti akilibandua puto. "Kama mtu anayejisukuma ukutani."

"Hapana," alisema Twiga, macho yakiwa dirishani. "Puto limeitupa hewa nyuma, na hewa ikalisukuma puto mbele. Hata nje kusingekuwa na hewa kabisa, lingekwenda."

"Naam!" Mwalimu akaigonga meza. "Na injini yetu ni puto lisiloishiwa pumzi. Huvuta hewa kwa mdomo, huibana hadi ikapata moto, huichomea mafuta, kisha huitema nyuma kwa nguvu. Ndege husonga mbele kwa kile inachokitupa nyuma."

Maneno hayo yalimwingia Twiga kama usingizi mtamu. Usiku aliota ametema pumzi moja ndefu, na kitanda kikaondoka naye taratibu kupitia dirishani.

Mwaka ule wanafunzi walikuwa wakifufua injini kuukuu iliyofungwa kwenye fremu ya chuma bandani. Siku ya kuiwasha ilipokaribia, habari zilienea kwamba mkuu wa karakana ya uwanja wa ndege atakuja kuchagua mwanafunzi mmoja wa kufanya kazi kwake na kupanda naye ndege ya majaribio. Kila mtu aliamini atamchagua atakayeiwasha injini. Mwalimu akamteua Twiga. Yeye, ambaye hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, alitembea wiki ile nzima kama miguu haigusi ardhi.

Mikono ya ovaroli aliyopewa ilimfikia karibu na viwiko. Mama yake akakesha akiirefusha mikono. Asubuhi Twiga aliitwaa juu ya cherehani, akaivaa mbiombio.

"Ngoja niipapase mikono, mwanangu. Pini zangu hazijatimia."

"Mama, nitachelewa! Pini moja itafanya nini?"

"Haifanyi kitu, hadi siku itakapofanya. Haya mama, nenda na Mungu."

Wageni walikaa kwenye mabenchi nyuma ya uzio wa waya. Injini ilikuwa imeachama kama mtu anayetaka kuimba, mdomo wake mpana wa kumeza mtu mzima. Mbele ya macho yote hayo, Twiga akaupenyeza mkono wake mrefu mdomoni humo, akayasukuma mapanga ya feni kwa ncha za vidole. Yakazunguka polepole, yakimetameta. Watu wakapiga makofi. Akaelekea kwenye meza ya swichi, kichwa juu.

Kidole kilipogusa swichi, alihisi mwasho kwenye kifundo cha mkono. Akatazama: mchubuko mpya, na tone la damu kama punje ya mtama mwekundu. Akapapasa pindo la mkono wa ovaroli. Palikuwa na tundu dogo la pini. Pini yenyewe haikuwepo.

Hakuna aliyeona. Pengine imeanguka uani, moyo ulimwambia. Pengine imeanguka barabarani. Ukisema, safari yako imekwenda na maji. Angani wingu moja jeupe lilikuwa likipita bila haraka, kana kwamba linamsubiri aamue. Twiga akalitazama kwa mara ya mwisho, kisha akasikia sauti ikimtoka ambayo haikuwa yake.

"Kila mtu abaki papo hapo alipo!"

Ua mzima ukaganda. Kibiriti, aliyekuwa ameinua mguu, aliuacha hewani.

"Mwalimu, nimeingia na pini," alisema Twiga. "Sijui ilipo."

Mkuu wa karakana akavua viziba masikio vyake. Mwalimu hakufoka. Aliuliza tu, "Nani ataitafuta?"

"Mimi. Nimeileta mwenyewe."

Aliunyoosha mkono mdomoni mwa injini, haukufika. Akapiga magoti, hakuona. Ndipo akalala kifudifudi, akajiburura ndani ya mdomo ule wa chuma hadi miguu tu ikabaki nje. Humo dunia ilikuwa nyingine. Mwanga uliingia kati ya mapanga kama kupitia majani, na upepo mdogo kutoka nyuma uliyazungusha taratibu. Kila panga lilicheza kidogo katika kitako chake, tik, tik, tik, kama cherehani la mama linaloshona usiku mtoto akiwa amelala. Twiga alisahau wageni. Alishusha shavu hadi likagusa bati baridi, na hapo, chini kabisa, kwenye mwanya ulio miguuni mwa mapanga, kitu kikametameta.

Alipotoka, alikuwa kijivu kwa vumbi, pini kati ya vidole viwili.

"Twiga amerudi mfupi!" alisema Kibiriti, kisha akampa kitambaa ajifute.

"Leo hutawasha," alisema mwalimu kwa upole. "Sheria unaijua: aliyeingiza kitu haigusi swichi."

Twiga akaitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Kibiriti akabonyeza. Injini ikanong'ona, ikapiga mluzi, ikanguruma hadi madirisha yakatetemeka, na nyuma yake hewa ikacheza kama maji.

Ilipozimwa, mkuu wa karakana alimsogelea. "Binti, vidole vya kubonyeza swichi ninavyo tele. Ninayemtafuta ni mtu wa kuizuia injini kabla haijalia. Jumamosi njoo. Utachungulia midomo ya injini zetu zote mbili. Usipokubali wewe, haturuki. Ukikubali, utapanda nasi."

Nyumbani alikuta nyayo mbili zimechomoza mvunguni mwa kitanda.

"Mama, toka. Ninayo."

"Kaipata nani?"

"Mimi, mama. Niliinama."

Mama akatoka, akajikung'uta magoti, akayatazama magoti ya binti yake yaliyojaa vumbi. "Mungu ashukuriwe," alisema. "Haya, vua nipapase na mkono huo wa pili."

Jumamosi ilipofika, Twiga alichungulia mdomo wa kwanza, akachungulia wa pili, akakubali. Ndege ikatupa hewa nyuma, ikaiacha ardhi. Moyo ukamdunda, akageuka aone mawingu aliyoyaota maisha yake yote. Lakini dirisha la ndege lilikuwa chini kuliko macho yake. Twiga akacheka peke yake, akaishusha shingo yake ndefu, na mbingu nzima ikamfungukia. Kweli, mtaka cha mvunguni sharti ainame.